William Mompesson, mchungaji aliyebaki Eyam



Wengi wetu tunapolisikia neno tauni tunafikiria Misri ya Farao au siku za mfalme Daudi. Lakini ndugu zetu wa Ituri, upande wa Mahagi na Djugu, wanajua kwamba ugonjwa huo haujabaki ndani ya Biblia. Hata katika miaka yetu hii unaamka na kuua watu kule, vijiji ambako panya wanaanguka kwanza na watu wanafuata. Kwa hiyo maisha ya mchungaji huyu wa Uingereza, aliyekufa mwaka 1709, hayako mbali nasi kama miaka inavyoonyesha.

Eyam, jina ambalo wenyeji wanalitamka Iim, ni kijiji cha mawe katika milima ya Derbyshire, kaskazini mwa nchi. Baridi ni kali, udongo ni mwembamba. Katika karne ya 17 watu wake walifuga kondoo na kuchimba madini ya risasi katika mashimo ya pale pale. Hakikuwa na jina lolote kubwa. Mwaka 1664 aliletwa kwao mchungaji mpya, William Mompesson, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30, aliyesoma Cambridge. Alikuja na mke wake Catherine na watoto wawili wadogo, George na Elizabeth.

Alikuta kanisa lenye kidonda. Uingereza ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa mwaka 1649, na mwaka 1660 mwanawe akarudishwa kwenye kiti. Mwaka 1662 serikali ikatoa sheria kwamba kila mchungaji afuate kitabu kimoja cha sala, bila kubadilisha kitu. Wachungaji karibu 2,000 walikataa kwa ajili ya dhamiri, wakapoteza makanisa yao. Mmoja wao alikuwa Thomas Stanley, aliyekuwa ameichunga Eyam miaka mingi. Waamini wengi walimpenda bado, na mahali pake sasa alisimama kijana wa upande wa mfalme. Sisi tuliolelewa katika jumuiya zilizowahi kugawanyika tunaweza kufikiri wenyewe jinsi watu walivyoangaliana siku ya ibada.

Mwisho wa kiangazi cha mwaka 1665, wakati London ilikuwa ikizika maelfu kwa tauni, mzigo wa vitambaa kutoka huko ulifika Eyam kwa mshonaji wa kijiji. Msaidizi wake, George Viccars, aliufungua, akakuta vitambaa vina unyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Watu wa wakati ule hawakujua habari za viroboto wala vijidudu. Kijidudu cha tauni kiligunduliwa mwaka 1894 tu. Baada ya siku chache Viccars alishikwa na homa na uvimbe, na tarehe 7 Septemba 1665 akazikwa. Kisha mtoto wa nyumba ileile, kisha jirani. Kufikia mwisho wa mwaka makaburi mapya yalipita 40.

Baridi ya majira yale ilipunguza vifo, na watu wakaanza kupumua. Lakini joto liliporudi mwaka 1666, ugonjwa ulirudi na nguvu mpya. Matajiri wachache walikuwa wamekwisha kuondoka. Wengine nao walianza kufunga mizigo waende Sheffield na miji mingine ya jirani. Hapo ndipo Mompesson alipoona hatari iliyo kubwa kuliko Eyam: kila atakayekimbia anaweza kubeba kifo hadi nyumba ya mwenzake.

Lakini angesema nini, na nani angemsikiliza? Alikuwa mgeni wa miaka miwili, na nusu ya mioyo ilikuwa kwa mwingine. Basi alifanya jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha maisha yake. Alimwendea Stanley. Sheria nyingine, ya mwaka 1665, ilikuwa imewakataza wachungaji walioondolewa kukaa ndani ya maili 5 za makanisa yao ya zamani. Kwa macho ya serikali, Stanley hakustahili hata kuwa pale. Mompesson angeweza kumshtaki, na Stanley kwa upande wake angeweza kukaa kando na kumwacha kijana aanguke peke yake. Hawakufanya hivyo. Walikaa pamoja, wakapatana, na wakasimama wote wawili mbele ya watu na neno moja.

Neno lao lilikuwa na mambo matatu. La kwanza, hakuna maiti tena kupelekwa makaburi ya kanisa. Kila jamaa itawazika watu wake haraka, katika shamba au bustani yake. La pili, milango ya kanisa ifungwe, na ibada ifanyike nje, katika bonde liitwalo Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. La tatu, lililo zito kuliko yote, hakuna mtu kutoka wala kuingia mpaka tauni iishe. Watu wakakubali.

Mipaka iliwekwa kuzunguka kijiji. Mtukufu wa Devonshire, aliyekaa Chatsworth karibu na pale, aliahidi msaada wa chakula, na vijiji vya jirani vilileta vitu hadi mpakani na kuviacha. Watu wa Eyam walilipa kwa sarafu walizoziweka ndani ya maji ya chemchemi, au katika matundu ya jiwe yaliyojazwa siki, wakiamini kwamba siki inaosha ugonjwa. Jiwe hilo lipo hata leo kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton, na chemchemi moja inaitwa Kisima cha Mompesson.

Tusifanye habari hii kuwa tamu. Katika Agosti 1666, mwezi mbaya kuliko yote, mama mmoja aitwaye Elizabeth Hancock alizika mume wake na watoto 6 ndani ya siku 8. Aliwaburuta mwenyewe hadi shambani, akachimba mwenyewe, kwa sababu majirani hawakuthubutu kumkaribia. Makaburi hayo yanaonekana mpaka sasa, yamezungukwa na ukuta mdogo wa mawe.

Mchungaji naye hakuachwa. Kabla ya mipaka kufungwa alikuwa amewapeleka watoto wake wawili kwa ndugu huko Yorkshire. Wako wanaomlaumu kwa jambo hilo: aliokoa wa kwake, kisha akaomba wengine wabaki na wa kwao. Lawama hiyo ina uzito, na hatuna haja ya kuifuta. Lakini Catherine alikataa kuondoka bila mume wake, na mume alikataa kuacha kundi. Siku baada ya siku walitembelea nyumba za wagonjwa pamoja. Tarehe 25 Agosti 1666 Catherine alikufa, akiwa na miaka 27. Mompesson alilazimika kuwaandikia watoto wake barua ya kuwaeleza kwamba mama yao hayupo tena, naye mwenyewe aliamini kwamba hatakawia kumfuata.

Hakumfuata. Mtu wa mwisho alikufa mwanzoni mwa Novemba. Watu 260 hivi walikuwa wameondoka, katika kijiji ambacho wengine wanakihesabu kuwa na watu 350, wengine 800. Ugonjwa haukuenea katika miji iliyozunguka. Mompesson aliamuru nguo na vyombo vya nyumba vichomwe, akianza na vya nyumba yake.

Miaka iliyofuata haikumletea sifa mara moja. Mwaka 1669 alipelekwa kijiji cha Eakring, Nottinghamshire. Wenyeji wa huko husimulia kwamba babu zao walimwogopa, wakamkataza kukaa kijijini, hata akahubiri chini ya mti nje ya makao ya watu. Aliyelinda majirani na tauni alipokelewa kama mwenye kuileta. Wako waliopona Ebola kwetu ambao wanaelewa sehemu hii bila kufafanuliwa. Polepole watu walimzoea. Alioa tena, akakaa Eakring mpaka kufa kwake mwaka 1709. Stanley alikuwa amekufa mapema, mwaka 1670, pale pale Eyam. Husimuliwa kwamba baada ya tauni kuna watu waliotaka sheria imwondoe, na mtukufu wa Devonshire akamtetea.

Tunajua haya kwa sababu kijiji hakikusahau. Wazee waliwasimulia wajukuu, na mwaka 1842 mwenyeji mmoja, William Wood, akaandika kitabu cha historia ya Eyam. Nje ya nyumba kadhaa kuna vibao vyenye majina ya waliofia ndani. Kaburi la Catherine liko kando ya kanisa. Na kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu wamekuwa wakikusanyika kufanya ibada ya ukumbusho katika bonde lile la Cucklet Delf. Wataalamu wa leo wanabishana kama kufunga njia kulisaidia kwa kiasi gani, na kama wangetawanyika wengi wao wasingekufa. Ubishi huo ni wa haki. Lakini wanakumbukwa kama watu waliochagua kuwalinda watu wasiowajua, kwa gharama yao wenyewe.

Sasa tujiangalie. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri zaidi ya mahali pengine. Sisi tuliokuwa na ndoo za klore mlangoni mwa kanisa tunakumbuka jinsi timu za riposte zilivyokimbiwa sehemu nyingi. Sababu zilikuwa nyingi, vita ikiwemo. Lakini moja ilikuwa hii: neno lililetwa na wageni, na wenyeji waliokuwa na imani ya watu hawakusema kwa sauti moja. Mchungaji huyu alihimiza kunawa mikono, na yule wa barabara ya pili alihubiri kwamba ugonjwa ni uongo au biashara. Mwamini alichagua sauti iliyompendeza.

Eyam haikuwa na daktari mwenye dawa ya tauni. Haikuwa na chanjo, wala gari la wagonjwa, wala redio. Ilikuwa na wachungaji wawili ambao sheria na siasa ziliwaweka kuwa maadui, nao wakakataa kuwa maadui siku watu wao walipokuwa wakifa. Hapo ndipo kijiji kilipopata nguvu ya kutii neno gumu. Bwana wetu katika Yohana sura ya 10 anamtofautisha mchungaji na mtu wa mshahara kwa jambo moja tu: nani anabaki mbwa mwitu anapokuja. Tungeongeza, kwa kuangalia Eyam, kwamba ni vigumu kubaki ukiwa peke yako.

Basi tunawaomba watumishi na wazee wa makanisa, hasa pale ambapo jumuiya moja imegawanyika mara mbili: msisubiri ugonjwa mwingine ndipo mtafutane. Stanley wenu yuko wapi? Mnamjua jina, mnaijua nyumba yake. Pengine ni yeye aliyewabatiza nusu ya washirika wenu. Nendeni kwake juma hili, mkiwa wawili au watatu, bila karatasi na bila madai. Siku ya tauni watu watatazama kama mnasimama upande mmoja, kabla hawajasikia mnachosema.

Mungu alijalie kanisa lake la mashariki wachungaji wanaobaki, na wanaobaki pamoja. Amina.