Andrew Wood: Staa aliyeaga albamu ikiwa tayari

Kabla Seattle haijapata sifa ya roki ya mashati ya drafti na nyuso za kununa, kulikuwa na jamaa mmoja aliyependa kung'aa. Andrew Wood alizaliwa 1966 jimboni Mississippi, akakulia kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo ya maji kutoka Seattle. Mwaka 1980, akiwa na miaka 14 tu, alianzisha bendi ya Malfunkshun na kakake Kevin.

Jukwaani alijiita Landrew. Uso mweupe kwa rangi, nguo za kumetameta, na hata kwenye kilabu kidogo aliwasemesha watu kana kwamba yuko uwanjani mbele ya maelfu. Sidhani yalikuwa majigambo. Jamaa alikuwa anafanya mazoezi.

Mwaka 1988 akawa mwimbaji wa Mother Love Bone, pamoja na Stone Gossard na Jeff Ament. PolyGram wakawasajili, albamu ya Apple ikarekodiwa. Tatizo lilikuwa unga. Alishaenda kutibiwa uraibu, akarudia.

Machi 16, 1990 alipatikana amezirai nyumbani, heroini imemzidi. Siku tatu baadaye akafariki, miaka 24. Apple ilitoka Julai, mwenyewe hayupo.

Chris Cornell wa Soundgarden, waliyewahi kuishi naye nyumba moja, aliandika nyimbo za kumlilia, ikazaliwa albamu ya Temple of the Dog, 1991. Gossard na Ament nao wakaunda Pearl Jam, bendi iliyokuja kujaza vile viwanja Wood alivyokuwa akiviota.