Huyu Asperger alikuwa nani hasa?

Kuna mdau aliniuliza: hivi mtu mwenye Asperger na yule anayeambiwa ana usonji wa uwezo wa juu wanatofautiana nini? Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Hilo jina ni la mtu, tena daktari, na maisha yake yana uzito kwenye jibu.

Hans Asperger alizaliwa Austria tarehe 18 Februari 1906. Alisomea udaktari Vienna, akamaliza 1931, akaanza kazi kwenye hospitali ya watoto ya chuo kikuu. Kufika 1935 alikuwa anaongoza wodi ya watoto waliowashinda walimu na wazazi. Pale watoto walicheza, waliimba, walisoma, huku wakiangaliwa siku nzima. Kwa zama zile ilikuwa wodi ya aina yake.

Mwaka 1944 likachapishwa andiko lake maarufu lenye wavulana wanne. Mmoja wao shule ilimwona hafundishiki siku ya kwanza tu! Kumbe mtoto huyohuyo alikuwa mkali wa hesabu za kichwani. Watoto hawa walizungumza kama watu wazima, ila kucheza na wenzao, kuelewa utani, kusoma uso wa mtu, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Upande wa pili, kule Baltimore, Marekani, daktari Leo Kanner alikuwa ameshaandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11. Watatu kati yao hawakuwa wanaongea kabisa. Andiko la Kanner lilikuwa la Kiingereza, likasomwa sana. La Asperger lilikuwa la Kijerumani, tena la wakati wa vita, likabaki kabatini. Asperger akafariki tarehe 21 Oktoba 1980 bila kuona umaarufu wa jina lake. Mwaka uliofuata, 1981, daktari Lorna Wing wa Uingereza ndiye aliyeisukuma hali hiyo mbele ya dunia kwa jina la Asperger.

Haya, sasa tofauti yenyewe. Wamarekani walipoliingiza jina hilo kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1994, Asperger ilikuwa ya mtoto ambaye hakuchelewa kusema: neno mojamoja kufikia miaka 2, sentensi fupi kufikia miaka 3, na akili iko sawa. Usonji wa uwezo wa juu wala haukuwahi kuwa jina rasmi kitabuni. Wataalamu walilitumia kwa mtoto mwenye usonji ambaye kipimo chake cha akili ni 70 au zaidi, mara nyingi yule aliyechelewa kusema halafu akaja kushika. Yaani jambo zima lilining'inia kwenye kumbukumbu ya mama: huyu alianza kusema lini? Wakae pamoja wakiwa na miaka 17, mara nyingi hata mtaalamu hawezi kukwambia nani ni nani. Ndiyo maana mwaka 2013 Wamarekani wakalifuta jina la Asperger kitabuni, na kitabu kipya cha Shirika la Afya Duniani, kilichoanza kutumika 2022, nacho kikaliacha. Wote wanaitwa watu wenye usonji, kinachotofautiana ni kiasi cha msaada wanaohitaji.

Lakini tuseme ukweli, wengi walilipenda jina la Asperger kwa sababu lilisikika kama sifa. Mtoto mwenye Asperger alionekana kipanga, mwenye usonji akaonekana mkosi wa nyumba. Na huyo daktari mwenyewe naye alikuwa anawapanga watoto kwa madaraja.

Wanazi waliichukua Austria Machi 1938. Asperger hakujiunga na chama chao, ila alijiunga na vyama vilivyokuwa chini yake. Vienna kulikuwa na kituo kikiitwa Am Spiegelgrund, ambako kati ya 1940 na 1945 walikufa watoto karibu 800, wengi wakiuawa kwa dawa za usingizi, halafu cheti kinaandikwa nimonia. Mwaka 1941 Asperger alisaini karatasi ya kumpeleka huko binti mdogo aliyeharibika ubongo kwa ugonjwa, akieleza kwamba ni mzigo mzito kwa mama yake. Septemba akafa, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 3. Hakuwa peke yake. Mwaka 1942 Asperger alikaa kwenye kamati iliyogawa watoto wa kituo kingine kati ya wanaofundishika na wasiofundishika.

Baada ya vita alisimulia kwamba yeye aliwalinda watoto na polisi wa Wanazi walimtafuta. Akapanda hadi uprofesa, kwanza Innsbruck, kisha Vienna mwaka 1962. Miaka ikapita watu wakiamini, mpaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alipochapisha yaliyokuwa kwenye mafaili ya Vienna, na hakupata ushahidi wa hadithi ile.

Mimi siku hizi naandika usonji, basi. Wapo waliopimwa kabla ya 2013 wanaoendelea kujiita kwa jina lile kwa sababu wamekua nalo, na wapo waliolitupa siku waliposoma habari za Spiegelgrund. Wewe ungelibeba? Tupia maoni yako hapo chini, matusi hapana.