Paul Panda Farnana, askari aliyewakumbuka askari wenzake

Hapa Likasi, mtu akitaja Panda tunafikiria mto na mtaa wetu. Panda ninayemwelezea leo ni mwingine: Paul Panda Farnana, Mkongo aliyezaliwa mwaka 1888 huko Nzemba, karibu na Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini.

Mwaka 1900, akiwa bado mtoto, ofisa Mbelgiji Jules Derscheid alimpeleka Bruxelles. Louise, dada ya ofisa huyo, alimlea na kumsomesha. Panda alisomea kilimo Vilvoorde, akamaliza mwaka 1907, kisha akaendelea na masomo Ufaransa. Mwaka 1909 serikali ya koloni ilimpa kazi, naye akatumika katika bustani ya Eala, karibu na mji unaoitwa leo Mbandaka.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, alikuwa Ubelgiji. Alijiandikisha katika kikosi cha kujitolea cha Kanali Chaltin, ambamo wengi walikuwa Wabelgiji waliowahi kutumika Kongo. Wakongo wachache walikuwamo pia, kama Albert Kudjabo na Joseph Adipanga. Walitumwa kulinda mji wa Namur. Mwezi ule ule Panda alishikwa na Wajerumani, akakaa kifungoni Ujerumani mpaka vita vilipokwisha mwaka 1918. Wakati huo huo, askari wa Force Publique na wapagazi wao walikuwa wakifa kwa risasi na magonjwa katika safari ya kwenda Tabora.

Panda alitoka kifungoni akiwa na elimu. Angeweza kujitafutia maisha yake peke yake. Lakini aliwaona Wakongo wenzake katika miji ya Ubelgiji: askari wa zamani, mabaharia, watumishi wa nyumbani, watu wasio na ndugu karibu. Walipokosa kazi au walipougua, hawakuwa na wa kumwendea. Hata mazishi yalikuwa shida. Ndiyo sababu mwaka 1919 alianzisha chama cha Union Congolaise, ili wasaidiane, wasome, na wazikane kwa heshima. Aliomba pia askari Wakongo waliokufa vitani wakumbukwe, na Wakongo wapewe elimu na sauti katika mambo ya nchi yao. Mwaka 1921 alishiriki katika Kongamano la Waafrika pamoja na W.E.B. Du Bois.

Mwaka 1929 alirudi kwao Nzemba, akajenga shule. Alifariki Matadi tarehe 12 Mei 1930.

Wapendwa, Panda hakuwa wa kanisa letu, lakini maisha yake yanatuuliza swali. Askari wa kwetu hukaa kambini miaka mingi. Siku anapostaafu, au anapokufa, nyumba ile inatakiwa kwa askari mwingine. Mzee bila kiwanja, na pensheni ikichelewa, ataenda wapi? Mjane atawapeleka wapi watoto? Tunawapigia makofi siku ya sikukuu, kisha jioni hatuulizi wanalala wapi.

Isaya sura ya 58 inaweka nyumba pamoja na chakula: kumlisha mwenye njaa bila kumpa pa kulala ni kazi iliyoachwa njiani. Panda hakungoja serikali ianze. Alianza na watu wachache, michango midogo, na orodha ya majina.

Sisi pia tunaweza kuanza hapo. Kila parokia iandike majina ya askari wa zamani na wajane wao. Mashemasi wawatembelee, waone paa na mlango. Mwenye karatasi za pensheni zilizokwama apate mtu wa kumsindikiza ofisini. Mwenye kiwanja bila nyumba tumchomee matofali. Mafundi tunao ndani ya makanisa yetu, na vijana wenye nguvu tunao.

Bwana atupe macho ya kuwaona kabla hatujaitwa kuwazika.