Mkwawa wa Uhehe

Mkwavinyika mwana wa Munyigumba, ambaye watu wengi humwita Mkwawa, alizaliwa Luhota, karibu na Iringa, yapata mwaka 1855. Babaye akafa mwaka 1879, na kwa kuwa enzi iligombewa, Mkwawa aliipata kwa vita.

Nchi ile haikuwa na mpaka wenye alama. Upande wa magharibi Wahehe walikuwa wamewasukuma Wasangu wa Merere hata Usongwe, karibu na Mbeya. Kaskazini ilipita njia ya misafara iendayo Tabora. Huko pembeni mwenye bunduki na mikuki ndiye aliyetoza hongo. Mkwawa akaweka wakubwa wake, walioitwa wanzagila, waamue mashauri, wapokee kodi na kuwaita vijana vitani. Wadachi walimhesabu kuwa mnyang'anyi tu, nami naona hawakumtendea haki, maana huo ulikuwa utawala. Walakini vikosi vyake viliteka ng'ombe na watu wa jirani, na Wasangu hawakusahau: Wadachi walipokuja, waliwafuata.

Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliwavizia Wadachi huko Lugalo, wakamwua mkuu wao, Emil von Zelewski, pamoja na askari wengi. Wadachi wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga likaanguka. Mkwawa mwenyewe hakupatikana.

Ndipo ilipoanza miaka minne iliyo migumu kuliko yote kwa watu wa vijijini, kwa kuwa walikuwa na mabwana wawili. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga boma la Iringa, na askari wake wakachoma mashamba ili Mkwawa afe njaa. Mchana watu waliitikia wito wa boma. Usiku walimpelekea mtawala wao chakula porini. Aliyempa aliweza kuuawa na askari, na asiyempa aliwaogopa watu wa Mkwawa. Hata Mpangile, nduguye Mkwawa, aliyetawazwa na Wadachi Desemba 1896, walimtundika Februari 1897, wakimshuku kuwa amsaidia nduguye kwa siri. Rupia 5,000 zikaahidiwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa, lakini siku nyingi zikapita asipatikane.

Tarehe 19 Julai 1898, askari walipomkaribia huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Ulaya. Fuvu likarudishwa mwaka 1954, nalo limehifadhiwa Kalenga.