Kitanzi cha Kimathi Kingali Somo

Aghalabu mjadala wa adhabu ya kifo unapozuka katika madarasa yetu hapa Kisaju, wanafunzi hubishania chombo: je, kitanzi ni cha kikatili kuliko kiti cha umeme? Kiti hicho kilianza kutumiwa New York mwaka 1890, watetezi wake wakidai kwamba kingeua upesi pasi na maumivu. Lakini mtu wa kwanza kukikalia, William Kemmler, hakufa umeme ulipowashwa mara ya kwanza. Ilibidi uwashwe tena. Sisi tulirithi kitanzi kwa Waingereza, na maisha ya Dedan Kimathi yanatuonyesha kuwa chombo si kiini cha swali.

Kimathi alizaliwa mwaka 1920 huko Tetu, Nyeri. Kabla ya kuingia msituni alipata kuwa mwalimu, kisha katibu wa tawi la chama cha KAU huko Ol Kalou. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, akawa miongoni mwa viongozi wakuu wa Mau Mau katika msitu wa Nyandarua. Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi, akakamatwa. Alishtakiwa Nyeri akiwa majeruhi, akahukumiwa tarehe 27 Novemba. Kosa lililompeleka kitanzini halikuwa kuua, bali kupatikana na bastola na risasi, jambo ambalo kanuni za hali ya hatari zililiadhibu kwa kifo. Rufaa zake zilikataliwa. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti, akazikwa pasipo alama juu ya kaburi.

Miaka 50 baadaye, siku ile ile, serikali ya nchi huru ilizindua sanamu yake jijini Nairobi. Mhalifu wa jana akawa shujaa. Sheria iliweza kubadili nia, ila haikuweza kumfufua. Mjane wake, Mukami, alidai mabaki ya mumewe kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2023 kabla hayajapatikana. Je, kiti cha umeme kingempunguzia majonzi hayo?

Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987; hata hivyo adhabu hiyo ingali katika vitabu vya sheria. Walimu wenzangu, tusiwaache wanafunzi wetu waishie kuuliza mtu auawe vipi. Na waulize: ni nani aliyeitunga sheria, na ikikosea, ni nani atakayemrudisha marehemu?