Jaji Thurgood Marshall

Safari hii twamkumbuka Jaji Thurgood Marshall, aliyezaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1908. Chuo cha sheria cha jimbo lake hakikupokea watu weusi, basi akasoma Howard, mjini Washington, akienda na kurudi kwa treni. Mama yake aliweka pete zake rehani apate karo. Alihitimu mwaka 1933, wa kwanza darasani, na kabla ya miaka mitatu kupita alikishinda mahakamani chuo kile kile kilichowafungia weusi mlango.

Mwaka 1954 alishinda kesi ya Brown iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za serikali. Mwaka 1960 alikuwa London, akiwashauri wajumbe wa Kenya juu ya haki za raia katika katiba yao.

Rais Kennedy alimteua jaji wa rufani mwaka 1961. Wapinzani katika Seneti walichelewesha kumthibitisha karibu mwaka mzima. Kiti hicho ni cha maisha. Hata hivyo, mwaka 1965 Rais Johnson alipomwomba awe wakili wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu, alikiacha, kwa mshahara mdogo zaidi na kazi ambayo angeweza kuondolewa wakati wowote. Wengi wetu, tuseme kweli, tungeking'ang'ania kiti. Mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu, akakaa humo hadi 1991.

Alikuwa mshiriki wa Kanisa la Episkopali, ndugu zetu Waanglikana wa Marekani. Alifariki tarehe 24 Januari 1993.