Crosley na Kigari Chake

Kila nisikiapo wanafunzi wakisifu magari makubwa, humkumbuka Powel Crosley, Mmarekani aliyezaliwa Cincinnati mwaka wa 1886. Utajiri aliupata kwa redio za bei nafuu, ila moyo wake ulikuwa katika magari, ambayo alijaribu kuyaunda tangu 1907, asifaulu. Mnamo 1939 alitoa kigari chembamba cha silinda mbili, kisichobugia petroli. Baada ya vita akakitilia injini ya mabati yaliyounganishwa kwa shaba. Ikaliwa na kutu. Alipoleta ya chuma cha kusubu mwaka wa 1949, wengi walikwisha kumpa kisogo. Namhurumia, kwani petroli ilikuwa rahisi mno kwao. Kiwanda kiliacha kuunda magari 1952. Yeye alifariki 1961, miaka 12 kabla ya mafuta kuadimika.